Kambi ya Magogo Juu ya Meza

Katika kambi nyingi za zamani za wakata miti, kibanda chenye madirisha mengi hakikuwa cha bwana mkubwa. Kilikuwa cha mnoaji misumeno. Fundi huyo alikagua jino moja moja, na jino la msumeno hutaka mwanga wa mchana, kwa hiyo benchi lake liliwekwa chini ya safu ndefu ya vioo. Anayeijenga kambi hiyo kwa udogo juu ya meza akayasahau madirisha, amejenga kibanda chochote tu. Akiyakumbuka, mtazamaji ataanza kuuliza ni nani afanyaye kazi humo.

Hapo ndipo ulipo utamu wa ufundi huu. Marekani na Ulaya kuna watu waliotumia nusu ya maisha yao kuujenga. George Sellios alianzisha kampuni ya Fine Scale Miniatures mwaka 1967, akawauzia wapenzi wa reli ndogo vipande vya mbao vya kuunda vibanda, karakana na viwanda vya kupasua mbao. Injini ipendwayo sana katika modeli za kambi za magogo ni ile iliyopewa hataza mwaka 1881 kwa jina la Ephraim Shay, mvuna magogo wa Michigan aliyetaka mashine iendayo polepole, yenye nguvu ya kupanda vilima na kupinda kona kali za reli mbovu.

Lakini kambi ya magogo yenye reli si habari ya Marekani peke yake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Wajerumani walijenga tawi la reli kutoka Tengeni, kwenye njia ya reli ya Tanga katika Tanzania ya leo, hadi Sigi katika misitu ya Usambara Mashariki, ili kuteremsha mbao. Upande wa Shume, kampuni ya Wilkins & Wiese iliagiza kwa Bleichert wa Leipzig njia ya kamba za chuma ya kushusha mitarakwa kutoka mlimani hadi stesheni ya Mkumbara. Na tambarare ya Ruzizi, mashariki mwa Kongo, ambako kijiji chetu cha Mutarule kiko, nayo ilikuwa na treni yake: kuanzia miaka ya 1930 hadi mwishoni mwa miaka ya 1950, reli ya Kivu iliunganisha bandari ya Kalundu, huko Uvira, na Kamanyola. Modeli iliyojengwa hapa ina historia ya kuegemea.

Tena ina vifaa. Kambi ya kweli ilijengwa haraka, kwa mbao zilizopasuliwa papo hapo, kwa sababu miti ikiisha watu walihama. Mabweni mengine yalikuwa vyumba vyembamba vilivyotengenezwa kwa kipimo cha behewa: kambi ikihama, chumba kilipandishwa relini pamoja na vitanda na jiko lake. Hakuna aliyepoteza siku kuipiga randa mbao ya ukuta. Kwa hiyo anayejenga kwa kile kilicho karibu naye anafuata njia ileile ya wajenzi wa kwanza, na ukuta wake una ukweli ambao kiboksi cha dukani hakiuleti kirahisi.

Chukua kipimo cha 1:48. Mtu wa mita 1.68 anakuwa na sentimita 3.5. Mlango wa mita 1.92 unakuwa na sentimita 4. Reli yenye upana wa milimita 1,067, kipimo kilichotumika sehemu kubwa ya Kongo, inapungua hadi milimita 22 hivi. Kijiti chenye unene wa sentimita 1 kinakuwa gogo la sentimita 48, mti wa kuheshimika.

Hapo jicho la mjengaji linapimwa. Tete lina unene unaofaa, lakini vifundo vyake vinalikataza kuwa gogo. Lipe kazi ya bomba la maji. Gogo litokane na kijiti cha kichaka kilichokua polepole, chenye ganda lililopasuka nyufa ndogo ndogo. Moyo wa bua la mtama hukatika kwa wembe bila kelele, unafaa kwa kujaribu umbo la jengo kabla ya kugusa mbao. Karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, ikikandamizwa kwenye meno ya kitana chembamba, hutoa bati la migongo. Siki iliyolowekwa misumari yenye kutu kwa siku kadhaa huigeuza mbao mpya kuwa ya kijivu, kama iliyopigwa na mvua za miaka kumi.

Kiwanda cha kupasulia mbao ndicho mtihani mkubwa. Gogo liingie upande mmoja, mbao zitoke upande wa pili, na maganda na unga wa msumeno virudi kwenye tanuri la boila, kwa sababu mashine ya mvuke ilijilisha mabaki ya kazi yake. Rundo la maganda likiwekwa mbali na tanuri, mtu aliyewahi kubeba kuni ataliona kosa mara moja.

Watoto wa tambarare hii tayari wanajua kukunja waya na kukata makopo hadi gari lenye usukani litembee barabarani. Kwa mikono hiyo, jengo la kwanza linalofaa Mutarule ni kichanja cha wapasua mbao wa msumeno wa mkono: miti minne ya kusimama, miwili ya kulaza, gogo juu. Bado wapo wazee wanaoijua kazi hiyo, na ni wao wa kuulizwa kichanja kiwe na kimo gani na gogo lifungwe vipi lisiteleze. Mpasuaji wa juu asimame ameinama kidogo, macho kwenye mstari. Wa chini avishwe kofia iliyoshushwa usoni, maana unga wote wa msumeno humwangukia yeye, na unga huo unyunyizwe chini ya gogo tu, mwembamba miguuni pake na mzito pale msumeno ulipokwisha pita.