Kupachika na Kupachua: Uhakiki wa Istilahi za Diski katika Linux

Mwongozo wa kompyuta ni maandishi ya kazi, na uhakiki wake hauna budi kuanzia kwenye kazi yenyewe. Katika makala haya tunachunguza maandishi mafupi mno: mstari mmoja tu ambao, katika matoleo ya Linux ya mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, ulitawala matumizi ya diski za CD. Mstari huo ulikaa katika faili iitwayo /etc/fstab, na aghalabu uliandikwa hivi:

/dev/cdrom /mnt/cdrom iso9660 ro,user,noauto 0 0

Huenda msomaji akauliza faida ya kushughulikia jambo la zamani. Kompyuta nyingi za siku hizi hazina tena mashine ya kusomea CD, lakini makabati ya ofisi na maktaba bado yana diski zenye ripoti, picha na kumbukumbu. Atakayezisoma kwa mtambo wa zamani atahitaji maelezo yanayoeleweka. Isitoshe, matatizo ya istilahi yaliyomo katika mstari huu yangali yanawakabili wafasiri wa programu hadi leo.

Mstari una sehemu sita. Ya kwanza hutaja kifaa, ya pili saraka ambamo yaliyomo katika diski yataonekana, na ya tatu muundo wa mafaili, yaani ISO 9660, kanuni iliyotolewa mwaka 1988. Ya nne ina masharti: diski isomwe tu, mtumiaji wa kawaida aruhusiwe, na mtambo usiifungue wenyewe unapowaka. Sifuri ya kwanza husema kwamba diski haihitaji nakala ya akiba. Ya pili, kwamba haihitaji kukaguliwa mtambo unapowaka.

Kanuni ya kwanza ya mfasiri hapa ni kujua ni nani asomaye. Mstari wenyewe husomwa na mashine, kwa hiyo haufasiriwi. Atakayeandika “mtumiaji” mahali pa “user” atakuwa ameandika sharti ambalo mashine hailitambui, na diski haitafunguka. Kinachofasiriwa ni maelezo ya binadamu yanayouzunguka mstari huo. Lakini hata hapo kamusi peke yake haitoshi. Sharti “user” huruhusu mtu wa kawaida kufungua diski, kisha humpa yeye tu, pamoja na msimamizi wa mtambo, haki ya kuifunga. Sharti “users”, lililozidi kwa herufi moja, humruhusu mtu yeyote kuifunga. Tukifasiri kwa “mtumiaji” na “watumiaji”, tutakuwa tumehamisha umoja na wingi na kuiacha maana nyuma. Maelezo yafaayo ni haya: kwa sharti la kwanza, aliyepachika ndiye apachuaye, kwa la pili, yeyote aweza kupachua.

Hapo tumekwisha kutumia istilahi tunayoitetea. Amri ya kufungulia diski huitwa “mount”. Anayetazama kamusi ya Kiingereza atakuta kupanda mlima, kukwea na kupanda farasi. Ni dhahiri kwamba “kupanda diski” ni maneno matupu. Asili ya neno hilo katika kompyuta ni kazi ya wahudumu wa mitambo mikubwa, waliotwaa gurudumu la utepe na kulivika kwenye mhimili wa mashine. Katika Linux, kazi iliyobaki ni kuuchukua mti wa saraka za diski na kuushikiza katika saraka mojawapo ya mti mkubwa wa mtambo. Kiswahili kina kitenzi cha tendo la namna hiyo: kupachika, kama mtu apachikavyo mshale katika upote. “Kuunganisha” hakufai, kwa kuwa neno hilo linahitajika kwa nyaya.

Ubora wa “kupachika” huonekana zaidi tunapofikia amri ya kinyume, ambayo Kiingereza huiandika “umount”, pasipo herufi n iliyotarajiwa. Sarufi yetu hutupatia kinyume bila shida: bandika, bandua, funika, funua, pachika, pachua. Mwanafunzi akijua neno moja, amekwisha kulijua la pili.

Tofauti kati ya kupachua na kutoa si ya wanasarufi tu. Diski ikiwa bado imepachikwa, mtambo huufunga mlango wa mashine, na kubonyeza kitufe hakusaidii. Mtu aliyefundishwa kwamba kupachua na kutoa ni jambo moja atadhani mashine imeharibika, na pengine atatia sindano katika tundu dogo la dharura ili autoe mlango kwa nguvu. Hapo istilahi mbovu imekuwa chanzo cha diski kuvutwa huku bado inasomwa.

Pengine mtambo hukataa hata kupachua, ukitoa ujumbe ambao neno kwa neno ni “kifaa kina shughuli”. Tafsiri hiyo ni sahihi kwa kamusi na potofu kwa kazi. Mtu akiambiwa mwenziwe ana shughuli, husubiri. Katika hali hii anaweza kusubiri hadi jioni, kwani mara nyingi sababu ni kwamba yeye mwenyewe amefungua dirisha la amri na kulisahau ndani ya saraka ya diski. “Kifaa kinatumika” ni bora, maana humfanya aulize: kinatumiwa na nani?

Yabaki jina la mashine yenyewe. Neno “kiendeshi” limekwisha kuzoeleka, lakini hutumiwa kwa vitu viwili: mashine inayozungusha diski, na programu inayoiwezesha kompyuta kuwasiliana na mashine hiyo. Maelezo yanayosema “sakinisha kiendeshi cha kiendeshi” hayamsaidii mtu. Kwa kufuata mfano wa kinasasauti, twapendekeza mashine iitwe kisomadiski, na kiendeshi kibaki jina la programu. Inapobidi kueleza aina yake, tuseme kisomadiski cha mwanga, wala si “cha macho”, kwa sababu kinachosoma ni mwali wa leza. Kwa kurekodi, neno la mitaani “kuchoma” lidumu, kwani joto la leza hubadilisha kweli tabaka la rangi la diski.

Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds nchini Ufini mwaka 1991, ni ya jamii ya programu ambazo yeyote ana ruhusa ya kuzirekebisha. Ruhusa ya namna hiyo ndiyo iliyowezesha Jambo OpenOffice kutolewa kwa Kiswahili mwaka 2004, kutokana na kazi iliyofanyika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Basi ujumbe mbaya wa Kiswahili katika programu hizi hauwezi kusingiziwa mwenye kiwanda wa ng’ambo. Faili la tafsiri li wazi mbele yetu. Twawaomba walimu na wafasiri wayajaribu mapendekezo haya kwa watu wanaotafuta kumbukumbu katika diski, na watuletee maneno waliyoyaona yakikwamisha kazi.