Sauti Juu ya Picha

Miongoni mwa kazi za sanaa zilizoenea Afrika ya Mashariki na Kati tangu kaseti za video zilipoanza kupatikana kwa bei nafuu, ni chache zilizonyimwa heshima inayolingana na manufaa yake kama kazi ya msimulizi wa filamu, yaani mtu anayekaa kando ya skrini na kipaza sauti, au anayerekodi sauti yake juu ya picha, akawaeleza watazamaji kwa lugha yao mambo yanayosemwa na kutendwa humo, na papo hapo akayatolea maoni, akayakejeli, akayashangilia. Waganda humwita vijei, jina lililotokana na herufi mbili, VJ, za maneno ya Kiingereza yenye maana ya mchekeshaji wa video. Watanzania husema tu kwamba filamu imetafsiriwa, ingawa anayeisikiliza kazi ya Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kwa jina la Lufufu, hutambua mara moja kwamba tafsiri ni sehemu ndogo ya yanayofanyika. Mafundi wenyewe huilinganisha kazi yao na kugeuza wali kuwa pilau, na mlinganisho huo ni sahihi kuliko nadharia nyingi, kwa kuwa mchele unabaki uleule, lakini mlaji anakuja kwa ajili ya viungo na mkono wa mpishi.

Ukanda wa shaba, unaoanzia Kolwezi na Likasi huko Katanga, kusini mwa Kongo, ukapita Lubumbashi na kuvuka mpaka hadi Zambia, una mahali pa pekee katika historia ya kazi hii. Mwaka 1933 J. Merle Davis, aliyekuwa akilitumikia Baraza la Kimataifa la Wamisionari, alichapisha uchunguzi kuhusu athari za migodi ya shaba ya Afrika ya Kati kwa jamii za wenyeji, na moja ya matunda ya uchunguzi huo lilikuwa jaribio la sinema lililofanyika Vugiri, katika milima ya Usambara huko Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937. Hapo L. A. Notcutt na G. C. Latham walitengeneza filamu 35 kuhusu kilimo, afya, kodi na akiba ya posta, wakazizungusha katika makoloni ya Waingereza hadi Rodeshia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Sauti ya filamu hizo haikuwekwa ndani ya utepe wa picha bali katika santuri zilizopigwa sambamba nayo, ili picha zilezile ziweze kusemeshwa lugha moja leo na nyingine kesho. Kwa maneno mengine, wazo la kwamba filamu ya mfanyakazi wa Afrika inahitaji sauti ya pembeni lilichochewa kwa sehemu kubwa na hofu ya wakubwa juu ya wafanyakazi wa migodi, watu waliotoka vijijini, wakapata mshahara na saa za mapumziko, na ambao haikujulikana wangezitumia vipi.

Upande wa Kongo ya Wabelgiji mambo yalikwenda kwa njia iliyofanana na hiyo. Filamu za serikali na za misheni zilionyeshwa pamoja na msemaji wa kienyeji, aliyepewa maelezo tayari na kutakiwa kuyasoma au kuyaeleza kwa lugha ya mahali, na hata vichekesho vya Matamata na Pilipili, vilivyopigwa Kasai katika miaka ya 1950 na padre Albert Van Haelst wa shirika la Scheut, vilikusudiwa kutoa funzo baada ya watu kucheka mianguko na makimbizano. Msemaji huyo aliwekwa ili kufunga maana, yaani kuhakikisha kwamba mtazamaji haoni katika picha jambo lisilokusudiwa aone. Ni wazi kwamba waliomweka hawakuwa wamemwuliza mtazamaji.

Mtazamaji, hata hivyo, alikwisha kuwa na maoni, na bahati njema maoni hayo yalipata wa kuyaandika. Hortense Powdermaker, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyefanya utafiti Luanshya, Rodeshia ya Kaskazini, mwaka 1953 na 1954 na kuutoa katika kitabu Copper Town mwaka 1962, alikaa kwenye maonyesho ya sinema ya wachimbaji wa shaba akasikiliza walivyosemezana, akaona kwamba filamu za kauboi ndizo zilizopendwa kuliko zote. Mwanahistoria Charles Ambler naye ameonyesha jinsi watazamaji wa miji hiyo walivyowapa mashujaa wa kauboi, hata wawe nani, jina moja la Jeke, wakalitamka kwa kelele kila ngumi ilipotua. Walisimama, wakaonya, wakabishana juu ya ujasiri na uoga wa watu wasioweza kuwasikia, na filamu ikawa ya pande mbili. Wenye mamlaka waliona fujo, lakini kwa jicho la sanaa huo ulikuwa mwanzo wa kazi inayosifiwa hapa, kwa kuwa msimulizi wa baadaye ni mtazamaji yuleyule wa mstari wa mbele aliyepewa kipaza sauti. Tofauti kati yake na msemaji wa kikoloni ni tofauti ya mahali alipokaa, kwani mmoja aliwageukia watu akiwa upande wa skrini, na mwingine huigeukia skrini akiwa upande wa watu.

Tabia hii ya kujibizana na picha hupata nguvu yake kamili pale picha inapotaka kutisha. Kichekesho cha kitisho, yaani filamu inayochanganya mizuka, damu na uchawi na vituko vya kuchekesha, ni aina ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa fedha kidogo, na umaskini huo huonekana waziwazi, kwa kuwa barakoa ya mzimu huteleza, damu ina wekundu wa sharubati, na maiti hupepesa macho. Mtazamaji wa Katanga haji mbele ya picha kama hiyo mikono mitupu. Vizazi kadhaa vimesikia habari za batumbula, waliotajwa pia kama Simba Bulaya, watu walioaminiwa kutumwa na Wazungu kuteka Waafrika usiku ili waliwe, na mchoraji Tshibumba Kanda Matulu aliwatia Simba Bulaya katika mfululizo wake wa picha za historia ya Zaire alizochora Lubumbashi mwaka 1973 na 1974. Katika miaka hiyohiyo sebule nyingi za miji ya migodi zilipambwa kwa picha ya mamba muntu, kiumbe nusu mwanamke nusu samaki anayempa mtu utajiri kwa masharti ya siri yanayomgharimu baadaye. Picha hizo zilitundikwa juu ya viti vya wageni, zikazungumzwa, zikachekewa, na bado zikaogopwa. Wachoraji na wanunuzi wao waliita sifa iliyotakiwa katika picha nzuri ukumbusho, yaani uwezo wa kitu kumfanya mtazamaji akumbuke, afikiri na kusema. Kwa kipimo hicho barakoa inayoteleza si kosa kubwa. Filamu za kitisho za Mtanzania Mussa Banzi, Nsyuka na Shumileta, zilizotoka katika miaka ya 2000, hazikuwa na fedha za kushindana na Marekani, lakini zilikuwa na mzimu na jini ambao mtazamaji wake aliwahi kusimuliwa nyumbani, na kicheko kinachoamshwa na filamu za namna hiyo ni kicheko cha mtu anayejua habari nzito kuliko picha aliyoonyeshwa.

Hapo ndipo ufundi wa msimulizi unapopimwa. Lazima awe ameitazama filamu kabla ya watu, ajue ni sekunde ipi ya kuacha ukimya ufanye kazi yake na ni ipi ya kuuvunja, apunguze sauti ya filamu anaposema na kuirudisha mlango unapogongwa, ampe mhusika wa nchi ya mbali jina na tabia za mtu wa mtaani, na azibe kwa maneno matundu ambayo mtengenezaji hakuwa na fedha za kuyaziba. Akiwahi mno kuchekesha, hofu inakufa na kichekesho kinabaki bila mzigo wa kubeba, na akichelewa, watazamaji wanacheka kabla yake na kazi inamponyoka. Stadi ya kiasi hicho haipatikani kwa kipaji cha mdomo peke yake, na wanaomwona msimulizi kama mtu anayepiga kelele juu ya kazi ya mwenzake hawajawahi kumsikiliza akinyamaza.

Katanga ilikuwa na chuo cha stadi hiyo hata kabla ya video. Kikundi cha Mufwankolo cha Lubumbashi, kilichoanza kuigiza katika miaka ya 1950 na kusikika redioni na baadaye kwenye televisheni, kilitunga michezo yake kwa Kiswahili cha Katanga bila maandishi kamili ya maneno ya kusemwa. Waigizaji walichukua methali au tukio, wakalijadili, wakagawana nafasi, kisha wakayavumbua maneno mbele ya watu, kama mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye katika miaka ya 1960 alikuwa amefanya utafiti Kolwezi kuhusu vuguvugu la Kikatoliki la Jamaa, alivyoeleza katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu mchezo walioutengeneza mwaka 1986. Kiswahili hicho, chenye maneno ya Kiluba, Kibemba na Kifaransa ndani yake, kimedharauliwa na wengi kwa kuwa si cha vitabuni, ilhali kwa msimulizi wa filamu ni hazina, maana kinamwezesha kubadili sauti ya afisa, ya mchimbaji na ya bibi wa kijijini bila kubadili chochote isipokuwa chaguo la maneno.

Mfano bora wa mahali kazi hii inapoweza kufika unatoka Uganda, katika mtaa wa Wakaliga mjini Kampala. Isaac Nabwana, ambaye kabla ya filamu alifyatua matofali, alikua bila kuingia katika jumba la sinema, akazijua filamu kwa jinsi kaka zake walivyomsimulia walipotoka kuzitazama, na ukweli huo mmoja unaeleza mengi kuhusu kazi zake, kwa sababu kwake simulizi ilitangulia picha. Mwaka 2010 alitoa Who Killed Captain Alex?, filamu ya mapigano na vichekesho ambayo gharama yake hutajwa kuwa chini ya dola 200. Kompyuta ziliunganishwa kutoka vipuri vya zamani, bunduki zilitengenezwa kwa mabaki ya chuma, na damu ilikuwa rangi ya chakula ndani ya kondomu zilizopasuliwa kwa wakati wake. Mwongozaji na waigizaji waliuza diski za filamu zao nyumba kwa nyumba, upesi kabla ya wezi wa nakala kuwatangulia. Msomaji wa Kolwezi, anayeishi katika mji ambao watu wake walilazimika kujitegemea baada ya kampuni ya migodi ya Gécamines kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, hahitaji kuelezwa namna kitu kinavyoundwa kwa mabaki ya kingine.

Filamu hiyo ilitazamwa na mamilioni ya watu ulimwenguni kupitia intaneti, ikawa filamu ya kipenzi, yaani filamu ndogo ambayo wafuasi wake huirudia mara nyingi, hukariri maneno yake na hutambuana kwayo, na mwaka 2019 kazi nyingine ya Nabwana, Crazy World, ikaonyeshwa katika tamasha la filamu la Toronto. Maoni ya watazamaji wa mbali yamegawanyika. Wako wanaocheka helikopta bandia na moshi wa kompyuta kama mtu anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya babaye, na wako waliotambua kwamba filamu yenyewe inacheka kabla yao na kuwaalika. Maoni ya kwanza ni ya haki kidogo sana. Ushahidi wa maoni ya pili umo ndani ya filamu, katika sauti ya VJ Emmie, msimulizi anayesikika tangu mwanzo hadi mwisho akitangaza ujio wa mapigano, akimcheka mhusika mwoga na kuisifia Uganda kwa sauti kubwa kuliko milio ya risasi. Kila kasoro ambayo mtazamaji wa Ulaya angejivunia kuigundua, yeye amekwisha kuipita au kuifanya shangwe. Nabwana hakuificha filamu yake na maoni ya watazamaji, bali aliyapa maoni hayo kiti ndani yake, jambo ambalo kampuni zenye mamilioni ya dola hazijathubutu.

Hadithi yenyewe haimwambii mtazamaji ni nani aliyemwua Kapteni Alex, na katika kazi nyingine tundu hilo lingekuwa kasoro isiyosameheka. Hapa halimsumbui mtu, kwa kuwa anayefuatwa ni msimulizi, na msimulizi hapotei.

Wenye vipaza sauti wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi, na walimu wa sanaa wanaowajua, wanaombwa kurekodi na kuhifadhi usimulizi wa Kiswahili cha Katanga popote unapofanyika, kwa tarehe na jina la fundi, kama zinavyohifadhiwa nyimbo na picha za kuchora, kwa kuwa sauti ya aina hii hupotea upesi. Kwa Wakaliga ilitokea kinyume. Nabwana alilazimika kuifuta filamu yake katika kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine, na nakala isiyo na msimulizi haipo tena. Who Killed Captain Alex? iliyobaki duniani ni ile iliyokuwa kwenye diski, yenye sauti ya VJ Emmie juu yake.