Je, pikapu iliyotokana na gari dogo ni 'truck' halisi?

Makala ya leo yanahakiki mjadala unaowashughulisha sana Wamarekani: je, pikapu iliyotokana na gari dogo, mathalani Ford Maverick, ni 'truck' halisi? Wanaopinga hudai kuwa 'truck' sharti iwe na fremu ya chuma, kisha bodi iwekwe juu yake. Maverick haina fremu kama hiyo, ingawa hubeba takriban kilo 680.

Kwa maoni yangu, hoja hii ina kasoro. Inafasili kitu kwa muundo wake na kusahau kazi yake. Hapa kwetu tunaikumbuka pikapu ya Peugeot 504, iliyotokana na gari la abiria la 504. Mkulima wa viazi angekuuliza inabeba magunia mangapi, si ina fremu gani.

Hata hivyo, tusiseme kwamba jina ni jina tu. Tangu 1964 Marekani imetoza pikapu kutoka ng'ambo ushuru wa asilimia 25. Kampuni ya Subaru ilifunga viti viwili nyuma, penye mizigo, ili BRAT yake ihesabiwe kuwa gari la abiria. Jina lina bei!

Kiswahili kina pikapu na lori. Wamarekani huziita zote 'truck'. Kwa hivyo, mwanahabari anayetafsiri 'truck' kuwa 'lori' kila mara huwapotosha wasomaji. Maverick ni pikapu kamili. Lori silo, wala haina haja ya kuwa lori.