Pikipiki ya Tope: Namna ya Kuchagua Chombo cha Mashambani Bonde la Kilombero

Wanunuzi wengi wa pikipiki Ifakara huomba iwashwe kwanza. Injini ikinguruma vizuri na moshi usipoonekana, bei inaanza kujadiliwa. Utaratibu huo unamfaa mtu wa barabarani. Anayetarajia kwenda Mngeta mwezi wa Aprili, au kutoa mpunga mashambani Malinyi maji yakiwa bado hayajakauka, aanzie chini. Atazame tairi, rimu, cheni, uma wa nyuma na shokapu, kisha injini aifikie mwisho. Pikipiki nyingi zinazouzwa huku zina injini za kati ya cc 100 na 150, na nguvu zake zimekaribiana. Tope likianza, kinachozitofautisha kiko chini ya goti la dereva.

Bonde lenyewe ndilo linaloweka masharti. Upande mmoja kuna Milima ya Udzungwa, upande wa pili nyanda za juu za Mahenge, na katikati mito kama Lumemo, Ruipa, Mngeta na Kihansi inaingia Kilombero. Masika yakikolea, kuanzia Machi hadi Mei, sehemu kubwa ya tambarare hulowa au kufunikwa na maji kabisa. Chini ya milima utakuta udongo mwekundu unaoteleza lakini hauna hila. Kando ya mito kuna mchanga. Katikati, kwenye majaruba, ndiko kuliko udongo mweusi wa mbuga, na huo ndio unaofichua ubora wa pikipiki. Haukutelezeshi tu, unanata. Unapanda na tairi, unajaa chini ya madigadi na kukandamizwa humo mpaka gurudumu la mbele linagoma kuzunguka. Dereva anaongeza mafuta, klachi inaanza kunuka, na hapo injini haina kosa lolote.

Kwa hiyo kipimo cha kwanza ni nafasi iliyopo kati ya tairi na madigadi ya mbele. Kwenye Boxer na TVS HLX, ambazo ndizo nyingi mjini, madigadi iko karibu na tairi kwa sababu zimeundwa kwa kazi ya barabara, na kazi hiyo zinaijua. Honda XL 125 na Yamaha DT 125 zina madigadi iliyoinuliwa juu kabisa, na gurudumu la mbele la inchi 21 linalopanda tuta la jaruba bila kulipiga kichwa. Ukiwa na Boxer, fundi anaweza kuiinua madigadi kwa vibao vya chuma. Kagua tu kama shokapu ikididimia yote tairi haligusi kitu. Wapo wanaoing'oa madigadi moja kwa moja. Siwaungi mkono: tope lote linarushwa kwenye injini na machoni mwa dereva.

Usikimbilie pikipiki ndefu kwa sababu tu ni ya porini. Kwenye tope zito dereva huendesha huku miguu ikikanyaga chini pande zote mbili. Ukiwa mfupi, na nyuma umefunga gunia la kilo mia, kiti kirefu kitakuangusha mahali ambapo Boxer ingepita polepole. Panda ikiwa imesimama, mtu aweke uzito kwenye keria, uone kama nyayo zote mbili zinakaa chini vizuri. Kwa mtu wa mizigo, kipimo hiki nakipa uzito kuliko ukubwa wa gurudumu.

Tairi la barabara lenye mifereji myembamba hugeuka laini baada ya hatua chache mbugani. Tafuta meno marefu yaliyoachana, ambayo udongo unaweza kudondoka katikati yake. Upepo ukipunguzwa kidogo tairi linashika zaidi, ila usizidishe: tairi likilegea sana linazunguka juu ya rimu, linaburuta tyubu, na pua ya tyubu inakatika. Kuhusu rimu, chagua ya spoku. Rimu ya kumiminwa inapendeza mjini, lakini ikipasuka kwenye jiwe hakuna fundi wa Mlimba atakayeirudisha, ilhali ya spoku hunyooshwa chini ya mwembe kwa spana moja. Inua gurudumu, lizungushe, kisha gonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Zilizokazwa sawasawa hutoa mlio unaofanana. Iliyolegea hutoa mlio mfu, na zikiwa kadhaa upande mmoja ujue gurudumu limeshabeba lisichoweza.

Cheni inastahili muda mrefu kuliko inavyopewa. Ishike katikati ya sproketi ya nyuma uivute kuelekea nyuma. Ikiachia na kuonyesha nusu ya jino, cheni imekwisha. Meno yaliyolala upande mmoja yanamaanisha seti nzima inabadilishwa, na gharama hiyo itoke kwenye bei ya muuzaji. Tope la mbuga likichanganyika na mchanga hula cheni iliyo wazi haraka mno. Hapa ndipo Yamaha AG 100 inapopata heshima yake. Ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba, cheni yake imefungiwa ndani ya kasha, ina keria mbele na nyuma, na stendi ya pembeni kila upande ili isilale vibaya kwenye mteremko. Ni mojawapo ya pikipiki chache ambazo mbunifu wake alimfikiria mkulima tangu mwanzo. Udhaifu wake ni injini ya mipigo miwili inayotaka oili yake maalumu, na spea ambazo hazipatikani kila duka.

Kuna ufundi mwingine kwenye sproketi ambao madereva wa mizigo wanauthamini. Tuseme ya nyuma ina meno 42, ukaweka ya meno 45. Mvuto kwenye gurudumu unaongezeka kwa takriban asilimia saba, na mwendo wa juu unapungua kwa kiasi kinachokaribia hicho. Mjini utaona umepoteza. Ukitoka shambani na mpunga hutaukumbuka huo mwendo. Ukikuta pikipiki iliyotumika tayari ina sproketi kubwa nyuma, mwenyewe alikuwa mtu wa mizigo: kagua fremu kwa macho makali zaidi, hasa pale keria inapochomelewa.

Uma wa nyuma uushike kwa mkono mmoja na gurudumu kwa mkono mwingine, usukume kushoto na kulia. Likicheza, ni beringi au bushi, na ukilipuuza pikipiki itakuwa inayumba kila unapokata kona na mzigo. Shokapu za mbele zibonyeze mara kadhaa kisha pitisha kidole kwenye bomba. Oili ikibaki kidoleni, sili zimeliwa na tope.

Sasa injini. Kabla haijawashwa gusa silinda. Ikiwa ya moto, muuzaji ameipasha mapema ili isikuonyeshe shida ya asubuhi, basi ondoka urudi kesho. Chungulia oili: ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, imeingiwa na maji, jambo la kawaida kwa chombo kilichozimikia mtoni. Moshi wa bluu kwenye injini ya mipigo minne unamaanisha inakula oili. Kisha fanya jaribio ambalo kwangu lina uzito kuliko yote ya injini. Pakia mtu mzito, weka gia namba moja, achia klachi yote, na uende mwendo wa mtu anayetembea, polepole kadiri inavyokubali. Injini nzuri ya shamba itatembea hivyo kwa utulivu, bila kurukaruka wala kuomba uishike klachi. Ile inayovuta tu ikipigiwa kelele haifai mbugani, hata ikishinda zote kwenye lami. Boxer ya 150 hufaulu jaribio hili vizuri, na ndiyo maana madereva wa huku wanaivumilia madigadi yake.

Angalia pia inavutia hewa kutoka wapi. Kwenye vivuko, mdomo wa kisanduku cha hewa ukiwa chini ya kiti na juu ya magurudumu, una nafuu. Maji yakiingia ndani usipige kiki kwa nguvu. Toa plagi kwanza, uyatoe maji, ndipo ujaribu. Tangu daraja la mto Kilombero lifunguliwe mwaka 2018 na kuchukua nafasi ya pantoni, safari ya Lupiro na Mahenge haina tena wasiwasi ule wa zamani, lakini vijito vya kuelekea mashambani vimebaki vilevile.

Vijana wenye uwezo huulizia siku hizi pikipiki za magurudumu manne za michezo, mfano Yamaha Raptor 700 au Honda TRX400, baada ya kuona za watalii zikikimbia Zanzibar. Ni mashine zenye raha kubwa. Bondeni zina kikwazo cha upana: Raptor inapita mita moja, na matuta ya majaruba hayaijui nafasi hiyo. Ekseli ya nyuma ni moja isiyogawanya mzunguko, hivyo kona hukatwa kwa kuteleza, na sproketi pamoja na diski ya breki zinaning'inia chini, mahali pa kwanza kugonga kisiki. Ukitaka ya kazi, tafuta aina ya shamba yenye keria na shafti badala ya cheni. Ukitaka ya michezo kweli, iendeshe kiangazi kwenye njia zilizopo, usiipeleke kwenye uwanda wa mafuriko. Ardhioevu ile imo kwenye orodha ya Ramsar tangu 2002 na ndiyo makao ya sheshe, swala wanaopungua.

Spea zisikupotoshe: usiulize kama zipo Ifakara, uliza kama fundi wa kijijini kwako anazo kebo ya klachi, tyubu na kiungo cha cheni leo hii. Kwa sababu hiyo peke yake mtu wa Chita anaweza kuwa na haki kuchagua Boxer akaiacha XL nzuri zaidi. Hakikisha namba ya fremu inalingana na kadi, na umiliki uhamishwe TRA kabla hujalipa fedha ya mwisho. Fedha itakayobaki, nunua tairi la nyuma lenye meno marefu kwanza. Kiti kipya na taa za urembo vingoje mavuno.