"Imethibitishwa" na Nani?

Vipodozi vya kung'arisha ngozi huuzwa Busia na Tororo, kama kwingineko, kwa lugha ya maabara: "imethibitishwa kisayansi". Tuitazame sarufi yake. Kitenzi kimo katika kauli ya kutendwa, lakini mtenda hatajwi. Nani kathibitisha, wapi, kwa kipimo gani? Sayansi yenyewe haina kificho: haidrokwinoni huzuia ngozi kutengeneza melanini, ambayo ni kinga yake juani, zebaki hudhuru figo. Mwaka 2019 Bunge la Afrika Mashariki lilitaka vipodozi vyenye haidrokwinoni vipigwe marufuku. Basi, walimu wenzetu, tufundishapo kauli ya kutendwa, tuwazoeze wanafunzi kumdai mtenda kabla hawajajipaka. Wahenga walikwisha kunena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.