Sifa za Mwenye Chokaa

Tukiandika habari za riadha huwa tunamwandika mkimbiaji: mwendo wake, kijiji chake, viatu alivyoazima. Leo namwacha apumzike. Nataka kumsifu mtu ambaye siku ya mashindano hakimbii hata hatua kumi. Huyu hufika uwanjani umande haujakauka, amebeba mfuko wa chokaa, futi kamba, nyundo na vigingi, na jioni huondoka mikono imepauka hadi viwikoni. Klabu zetu za mitaani haziishi kwa wafadhili, maana hawapo. Zinaishi kwa watu wa namna hii.

Msimu wenyewe ni mfupi. Masika yakishapita, nyanda za kaskazini kuanzia Arusha, kupitia Karatu, hadi Mbulu na Babati, zinakuwa na ardhi inayoshika mguu: haitelezi tena na bado haijawa vumbi. Juni na Julai kuna baridi inayompendeza mkimbiaji wa masafa marefu na kumtesa mrukaji. Michezo ya shule nayo, UMITASHUMTA na UMISSETA, huangukia humo humo katikati ya mwaka, kwa hiyo uwanja mmoja unagombewa na wengi. Klabu isiyo na uwanja wake huomba wa shule ya msingi. Inachokabidhiwa ni nyasi za magotini, magoli mawili ya mpira, na kijia kilichochongwa na miguu ya watu wanaokatisha kwenda gulioni. Hapo ndipo inatakiwa ipatikane njia ya kukimbilia ambayo kipimo chake hakuna atakayekibishia.

Uwanja kamili wa mita 400 una pande mbili zilizonyooka, kila mmoja mita 84.39, na nusu duara kila mwisho. Vitabu husema nusu kipenyo cha ukingo wa ndani ni mita 36.50. Mwenye chokaa akiifuata namba hiyo kama ilivyo, ameharibu. Hiyo ni namba ya viwanja vyenye ukingo ulioinuka, ambako kanuni inahesabu kwamba mkimbiaji hupita sentimita 30 kutoka ukingoni asije akajikwaa. Penye mstari wa chokaa peke yake anahesabiwa kupita sentimita 20 tu, kwa sababu chokaa haimkwazi mtu. Basi kamba lazima iongezwe sentimita 10, ifike mita 36.60. Ni kitu cha chini ya shubiri. Lakini ukikipuuza, kila mzunguko unapungua zaidi ya nusu mita, na mbio za mita 5,000 zinapungua karibu mita nane. Binti wa watu atakwenda nyumbani na muda mzuri ambao si wake, na mashindano ya mkoa ndiyo yatakayomuumbua.

Nimesema kamba, lakini kamba nayo ina vituko vyake. Ya katani ikilowa umande hufupika. Ya nailoni ikivutwa hurefuka. Mwalimu mmoja mstaafu, ambaye nimemtazama akifanya kazi hii kwa misimu mingi, alikwisha kuziacha zote mbili. Anatumia waya wa kufungia nondo aliousokota mara mbili. Ncha ya waya haifungi moja kwa moja kwenye kigingi cha katikati. Anaitia kwenye pete ya chuma inayozunguka bila kukwama, kwa kuwa waya ukifungwa kwenye kigingi utajiviringisha kadiri unavyotembea, nusu kipenyo kiwe kinapungua kidogo kidogo, na nusu duara yako iishie kama gamba la konokono. Kigingi chenyewe akishakipigilia hukisukuma kwa goti. Kikitikisika hata kidogo, anaking'oa na kuanza upya. Vijana wanaomsaidia hupiga miayo. Yeye hana haraka.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba. Shika huku, vuta, usilegeze."

Pembe za mraba anazitafuta kama waashi wanavyotafuta kona ya msingi: tatu, nne, tano. Mita tatu huku, mita nne kule, na mshazari ukisoma tano kamili, kona imekaa. Sijapata kumwona na kifaa kingine cha kupimia pembe.

Mara nyingi uwanja wa shule hauna nafasi ya mita 400. Kuna mfereji upande huu, vyoo upande ule. Hapo ndipo hesabu inapokuwa tamu. Anachagua nusu kipenyo kinachoingia, tuseme mita 25, anaongeza zile sentimita 20 za mguu wa mkimbiaji, anazidisha kwa mbili na kwa pai, anapata mita 158.34 za kona zote mbili. Anatoa kwenye 300, anagawanya kwa mbili: kila upande ulionyooka utakuwa na mita 70.83. Yote hayo yanaandikwa kwa penseli kwenye jalada la daftari. Sasa njia ya pili ianzie wapi, ili wa nje asikimbie zaidi ya wa ndani? Upana wa njia ni mita 1.22. Zidisha kwa mbili na pai: mita 7.67. Hiyo ndiyo hatua ambayo kila njia inasogezwa mbele kwa mzunguko mmoja, na ajabu yake ni kwamba haibadiliki. Uwanja uwe wa mita 400, uwe wa 300, uwe umebanwa na mfereji au umenyooshwa kama kiwanja cha ndege, maadamu kona ni za duara na upana wa njia ni ule ule, ni 7.67. Nusu kipenyo kimejifuta chenyewe kwenye hesabu. Nilisoma hisabati miaka mingi bila kuambiwa jambo zuri kama hilo.

Mkimbiaji mgeni hayajui hayo. Kila msimu yupo kijana wa njia ya kwanza anayenung'unika, "Mwalimu, mbona mimi nimewekwa nyuma ya wote?" Na Mwalimu humjibu bila kuinua kichwa, "Wewe unazunguka padogo, mwanangu. Hao wa mbele wana safari ndefu kukushinda. Wafuate tu."

Chokaa inamwagwa kwa kopo la rangi lililotobolewa matundu kitakoni, mtu akitembea polepole, jicho kwenye uzi. Mstari mzuri una upana wa sentimita tano, si zaidi. Chokaa isiyozimwa haifai kabisa, huunguza ngozi ya anayeanguka. Inatakiwa iliyokwisha kuzimwa, ile ya kupaka ukutani.

Kwenye marusho, ufundi umefichika zaidi. Eneo la kuangukia mkuki lina pembe ya nyuzi 28.96. Nani atazipima nyuzi za namna hiyo nyasini? Hapimi mtu. Unanyoosha mita 20 kutoka kitovu cha tao la kurushia kwenda kulia, mita 20 kwenda kushoto, na unazitenganisha ncha zake kwa mita 10 kamili. Pembe imepatikana yenyewe. Ya tufe na kisahani ni vivyo hivyo, ila ncha zinaachana mita 12. Mtu aliyeketi akagundua kwamba namba mbaya kama hizo zinapatikana kwa futi kamba peke yake, namvulia kofia. Natamani warushaji wetu wangekuwa wengi kama ufundi huu unavyostahili. Julius Yego wa Kenya alirusha mkuki mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia, baada ya kujifunza sehemu kubwa ya urushaji kwa kutazama video za intaneti. Klabu nyingi upande wetu zina mkuki mmoja, umepinda.

Kisha wanakuja watu wa saa. Wanasimama kwenye ngazi ya mbao sambamba na mstari wa mwisho, watatu kwa mkimbiaji mmoja ikiwezekana. Ikiwa saa mbili zinakubaliana, muda ni huo. Zote tatu zikitofautiana, unachukuliwa wa kati. Mwenye saa mzuri haanzishi saa kwa sikio, anaanzisha kwa jicho. Sauti huchukua karibu sehemu tatu za kumi za sekunde kuvuka mita 100, na kwenye mbio fupi sehemu tatu za kumi ni tofauti kati ya bingwa na mtu wa nne. Kwa hiyo anatazama moshi wa bastola, na kwa klabu isiyo na bastola anatazama zile mbao mbili zenye bawaba zinavyokutana juu ya kichwa cha mwanzishaji. Mwishoni hatazami uso wala mkono ulionyooshwa; anasubiri kiwiliwili kifike kwenye mstari.

Sasa lipo jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo linaloufanya mchezo huu uwe wa heshima kuliko mingine. Muda wa saa ya mkononi ukisoma 11.21, unaandikwa 11.3. Unapandishwa daima, haushushwi. Mruko ukiangukia kati ya sentimita mbili, unaandikwa ile pungufu. Mchangani haupimwi pale mguu ulipotua. Unapimwa kutoka alama iliyo karibu zaidi na ubao, hata kama ni ya kiganja kilichoegemea nyuma. Penye shaka, mwanamichezo hapewi. Ni ukali, lakini ni ukali wa wote, na ndiyo maana kilichobaki kwenye karatasi hakuna wa kumnyang'anya. Tarehe 2 Februari 1974 mjini Christchurch, Mtanzania Filbert Bayi alitoka mbele tangu mwanzo wa mbio za mita 1,500, akaburuza kundi zima na kumshinda John Walker. Alitumia dakika 3:32.16. Kitabu cha rekodi kikaandika 3:32.2. Muda wake ulipandishwa, na bado ilikuwa rekodi ya dunia.

Sijamtaja bado mhesabu mizunguko, na pengine ndiye ningemwogopa kuwa. Mita 5,000 kwenye uwanja wa 400 ni mizunguko kumi na mbili na nusu. Mizunguko ya mwanzo rahisi. Kufika wa nane, wa kwanza amekwisha kumpita wa mwisho, kundi limekatika vipande vitano, watoto wamesogea ndani ya uwanja, na kila mkimbiaji ana hesabu yake. Mhesabu ana karatasi, ana sauti iliyokauka, na mbele yake limening'inizwa rimu la gari, lile lile linalogongwa asubuhi kuwaita wanafunzi. Akiligonga mapema, mtu atamaliza nguvu zake zote kisha aambiwe bado mzunguko mmoja. Nimemwona mhesabu aliyegoma kusalimiwa mbio zikiendelea. Alikuwa sahihi.

Alphonce Simbu aliposhinda marathoni ya dunia mjini Tokyo, Septemba 2025, yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, 2:09:48, wakatenganishwa kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Zilihitajika kamera, hakuna kidole cha binadamu kinachoweza kuzipata. Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza kwenye mashindano hayo. Tulishangilia, na tulistahili. Lakini marathoni ni mbio za barabarani, na barabara ina zawadi za fedha, ina fulana za wadhamini, ina wapimaji wa kulipwa. Vijana wanaikimbilia mapema mno, siwalaumu. Mita 800, viunzi, kuruka juu, tufe: hizo hazina soko, na zinasubiri mtu wa kujitolea apime na achore. Asipokuwepo, msimu wa klabu utakuwa matembezi ya asubuhi ya watu wenye mbio.

Mwalimu wangu magoti yamechoka. Vijana wa klabu wanajua kukimbia. Wanaojua kusokota ule waya na kupata 7.67 ni wachache. Halmashauri zinazotoa viwanja vya shule zingeweza angalau kupigilia vigingi vya kudumu vya zege kwenye vitovu vya kona, vilingane na ardhi, ili kazi isianze upya kila mwaka. Gharama yake ni mfuko mmoja wa saruji. Nawe msomaji, kama mtaani kwako kuna klabu, ulizia ni lini wanachora uwanja. Fika mapema, na nguo usizozionea huruma. Futi kamba ina ncha mbili, na ya pili mara nyingi imebanwa na jiwe kwa kukosa mtu.