Ngeli au Majina Tegemezi? Kuhusu Uainishaji wa Lugha ya Äiwoo

Lugha ya Äiwoo husemwa na watu elfu kadhaa katika Reef Islands, mkoa wa Temotu, Visiwa vya Solomon. Udogo wake haukuizuia kuzusha ubishi mkubwa. Stephen Wurm, aliyeichunguza tangu miaka ya 1960, alishikilia kwamba asili yake ni ya Kipapua, na kwamba sehemu yake ya Kiaustronesia iliingia baadaye. Miongoni mwa hoja zake ilikuwamo hii: kwamba lugha hiyo ina mifumo kadhaa ya ngeli, jambo lililo geni katika lugha za Kioshania.

Hoja hiyo yatuhusu sisi tuliolelewa na ngeli. Katika Kiswahili, ngeli haithibitishwi na kiambishi cha jina peke yake, bali na upatanisho wa kisarufi: kiti kirefu kimevunjika. Sehemu "mwana-" huanza majina mengi, kama mwanamaji na mwanachama, wala hapana aiitaye ngeli. Ni jina lililoshikamana na neno lifuatalo. Åshild Næss alionyesha mwaka 2006 kwamba zile zilizoitwa ngeli za Äiwoo ni za namna hiyo: majina tegemezi, yenye maana kama "mtu" au "mwanamke", yasiyosimama pasipo kijalizo.

Nguzo hiyo ilipoanguka, ilibaki hoja ya msamiati. Mwaka 2007 Malcolm Ross na Næss walidhihirisha kwamba sauti za Äiwoo zalingana kwa utaratibu na zile za lugha mame ya Kioshania. Ulinganifu huo ulikuwa umefichwa na mabadiliko makubwa ya sauti, yaliyofupisha maneno hata asili yake isitambulikane upesi.

Haifai kumdharau Wurm, ingawa wengine walimpinga, na Peter Lincoln alikwisha kufanya hivyo mwaka 1978. Kosa lilikuwa katika kutaja: jina "ngeli" lilitolewa kabla upatanisho haujatafutwa, kisha jina likageuzwa ushahidi wa nasaba. Hata kama ngeli zingalikuwapo, kufanana kwa maumbo si udugu. Sarufi zetu za Kibantu ziliwahi kupimwa kwa kipimo cha Kilatini, tukalalamika kwa haki. Basi na tujihadhari, kipimo chetu nacho kisiwapunje wengine.